Mguu wa Visi Umeunga, Baba Aline

Baba Aline,

Barua hii naiacha wazi kwa sababu sina anwani ya kuandika juu ya bahasha. Ningekuwa nayo ningeifunga kwa gundi, maana hukupenda watu wajue mambo ya nyumba yetu. Lakini huenda ikapita mikononi mwa mtu aliyekuona mahali fulani, akakusomea. Na kama hakuna aliyekuona, basi waisome tu.

Naandika kwenye meza yetu ya kliniki hapa Gisenyi, ile ya dirishani. Ni alasiri, ziwa limefunikwa na ukungu na harufu ya kiwanda cha bia imejaa chumbani kama kawaida ya siku zisizo na upepo. Mbele yangu kuna vitu viwili. Kimoja ni picha ya mguu wa nyuma wa Visi, mbwa wako. Kingine ni tangazo ambalo mdogo wako Prosper anataka lisomwe redioni kesho, ili ndugu wa pande zote mbili za mpaka wajue kwamba Jumamosi tutakulilia nyumbani kwake Rugerero na kuanua matanga hapo hapo. Tangazo linasema umeacha mjane na mtoto mmoja. Mtoto ni Aline wetu. Mjane ni mimi, ikiwa nitakubali.

Nianze na redio, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya kazi. Ulikuwa ukivuka mpaka kila asubuhi kutoka Goma, kuja kuunga mifupa ya mbwa na paka kwenye kliniki hii. Mimi nilikuwa daktari mgeni, mwenye vyeti vipya na Kiswahili cha Karagwe nilikokulia, kule Tanzania wazazi wangu walikokimbilia. Mbwa alikuwa amelala usingizi wa dawa, mguu umenyolewa, nawe umeshavaa glavu. Ukaniambia bila kugeuka, "Leta radio ya ile mbwa."

Nilitoka mbio. Nikamwomba mlinzi wa getini redio yake ndogo, ile iliyofungwa kwa mpira, nikavuta antena, nikaiweka karibu na kichwa cha mbwa, tena kwa adabu. Nilidhani ni mambo ya wapasuaji, kwamba mnapenda muziki mkiwa kazini.

Ulicheka mpaka ukalazimika kubadilisha glavu. Kwenu Wakongo, Kifaransa kilishawafundisha kwamba radio ni picha ya mifupa. "We mutoto ya Tanzania," ulisema, "hii mbwa haitafute habari. Inatafuta mufupa yake ionekane." Kuanzia siku hiyo Kiswahili changu ukakiita Kiswahili cha redio, na hata baada ya kunioa, nikikasirika na kusema sana, ulikuwa unamwambia Aline anyamaze kidogo, mama anasoma habari. Nami nilikujibu kwamba Kiswahili chenu kilivunjika njiani kikaungwa bila skrubu za kutosha. Tulichekana hivyo miaka yote. Sasa hakuna anayenicheka nikisema "mtu" badala ya "mutu", na sikujua kama kitu kidogo hivyo kinaweza kuuma.

Watu walikuwa wakituuliza kwa nini tunahangaika na mguu wa mbwa. Hapa kwetu, tangu mwaka wa mauaji, mbwa hakuwa mnyama wa kuzoeleka, na watu wa umri wetu wanajua sababu, wala hatukuwalazimisha waiseme. Lakini wafanyabiashara wana mbwa wa kulinda mizigo, na wakulima wa Mudende wana paka kwenye ghala za viazi, na pikipiki haichagui. Mnyama akivunjika mguu, ama aliachwa achechemee ama alimalizwa. Vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanyama havifiki huku. Swali la utafiti wetu lilikuwa rahisi: je, vile vibamba vidogo vya chuma vya kuungia mifupa ya mikono ya watu, vile ambavyo hospitali hubakiwa navyo, vinaweza kushika mguu wa mbwa au wa paka mpaka mfupa uunge? Wewe ulipasua na kukaza skrubu. Mimi nililaza wagonjwa usingizi na kupiga picha. Kisha kila mmoja alitakiwa kurudi, apigwe picha tena, tumwone akitembea.

"Kupasua ni kidogo," ulizoea kusema. "Kazi njo kumungojea arudi."

Unamkumbuka paka wa yule mama wa Mudende? Aliletwa kwenye kikapu cha viazi, na siku ya kurudi akakataa katakata kutembea. Alijibanza chini ya kabati. Ukalala kifudifudi sakafuni, na koti lako jeupe, ukimbembeleza kwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaangwa, uliowanunua kwa ajili ya chakula chetu cha mchana. Alipotoka akitembea kwa miguu yote minne ulibaki pale chini unamtazama tu. Yule mama aliniuliza kwa Kinyarwanda kama daktari anaumwa. Nilimjibu kwamba hivyo ndivyo alivyo.

Halafu ikaja ile safari ya Busasamana. Mbwa mmoja hakurudi siku yake, wala wiki iliyofuata. Profesa wa chuo anayetusimamia alisema kwa simu tumwandike perdu de vue. Ndivyo watafiti wanaotumia Kifaransa wanavyomwita mgonjwa asiyerudi: aliyepotea machoni. Hajafa, hajapona, haonekani tu. Profesa alisema kila utafiti duniani unao wa aina hiyo. Wewe ulikata simu ukavaa buti.

Tulipanda kwa pikipiki mbili, mvua ikinyesha, tope jeusi la volkano likituruka mpaka kwenye meno. Uliuliza nyumba kwa nyumba kama mtu aliyepotewa na ng'ombe. Mwenye mbwa alikuwa mama anayevuka mpaka na maharage, na hakutaka kutwambia. Mwishowe alituonyesha mahali kando ya ukuta wa mawe alipomzika. Kidonda kilikuwa kimeoza. Ni skrubu zetu, kwa hiyo ni sisi. Ulivua kofia, ukamshukuru kwa kutuonyesha.

Jioni uliusukuma mbali ugali na isombe ya majani ya muhogo. Nilikwambia, kwa upole, kwamba tungebaki nyumbani mbwa yule angekuwa perdu de vue na matokeo yetu yangependeza zaidi. Uliniangalia kama vile ni mara ya kwanza unaniona.

"Perdu de vue ni mwenye haukutafuta," ulisema. "Ukiona kaburi, andika amekufa. Ukiona anatembea, andika amepona. Ukikosa vyote, bon, vaa tena buti."

Aline alikuwa hapo mezani anachezea chakula. Hatukujua kama anasikiliza.

Visi alikuwa wa mwisho. Mbwa wa nyumba ya marehemu mama yako kule Himbi, Goma, aliyegongwa na pikipiki iliyobeba vidumu vya maziwa. Uliunga muundi wake kwa kibamba na skrubu, na kwa kuwa Kifaransa huziita vis, ukambatiza Visi, ingawa marehemu mama alishampa jina la heshima zaidi. Ilibaki picha yake ya mwisho tu, tufunge kazi.

Asubuhi uliyoondoka, milio ya risasi ilikuwa imesikika upande wa Sake siku kadhaa. Nilikwambia ungoje wiki ijayo. Ulijibu kwamba Visi ndiye wa mwisho, unakwenda, unampima mguu, unarudi naye. Ulichukua kamba ya kumfungia na chupa yangu ya chai, ile ya buluu, nikalalamika kwamba hurudishi vitu vya watu. Ukasema chai imebaki kidogo nimpe Aline. Ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo kutoka kwako, na nimeyageuza kila upande nikitafuta kitu ndani yake. Hakuna kitu. Ni chai tu.

Kabla ya saa sita mchana milio ilikuwa mjini kwenyewe. Mpaka ukafungwa. Tulisimama upande wetu tukiutazama moshi, watu wamejaa barabarani, kila mmoja na simu sikioni. Yako iliita, ikaendelea kuita, halafu ikaacha.

Mwaka umepita na ushei. Mpaka ulipofunguliwa nilivuka. Nimekutafuta hospitalini, kwenye chumba cha maiti, gerezani, kwenye kambi za waliokimbia. Himbi nilifika mara nyingi, geti limefungwa kwa mnyororo na majirani wote hawapo. Nimeonyesha picha yako ya harusi kwa watu wengi mpaka pembe zake zimechakaa. Na nikwambie ukweli, nina hasira nawe. Kuna siku nimekulaani barabarani kwa sauti, watu wakanipisha.

Sasa, wiki hii. Profesa alinipigia kwamba hawezi kungoja tena: nimwandike Visi perdu de vue, tufunge, tuchapishe. Alisema msomaji hawezi kusumbuka kwa ajili ya mbwa mmoja. Siku hiyo hiyo Prosper alikuja na tangazo lake. Hakukaa. Alisimama mlangoni akigeuza kofia mikononi, mnafanana mnapofanya hivyo.

"Shemeji, mi nimechoka kuangalia mulango," alisema. "Kila gari ikisimama ninaamuka. Acha tumulie. Kama angekuwa iko, angetuma hata mutu."

Sikuweza kumkasirikia. Amekonda. Nilimwomba anipe siku chache.

Na kesho yake mwalimu wa Aline akaniita shuleni. Watoto walitakiwa waseme wazazi wao wanafanya kazi gani. Aline alisimama akasema, "Mama ni daktari wa wanyama. Papa ni perdu de vue." Mwalimu hakujua acheke au alie, ndiyo maana aliniita. Njiani kurudi nilimuuliza mwanao neno hilo amelitoa wapi. Akanijibu kwamba ni neno lako, la mtu ambaye hakutafutwa. Kisha akaniuliza kama ni kweli hatukukutafuta.

Nilifika nyumbani nikavaa buti. Sikuwa na la kufanya juu yako, lakini Visi nilikuwa nadaiwa.

Geti la Himbi lilikuwa wazi. Mama Riziki, jirani anayeuza makaa, au makala kama mnavyoyaita kwenu, amerudi kutoka Minova alikokuwa amekimbilia. Kando ya magunia yake alikuwa amelala mbwa mweusi, na sikumjali kwa sababu Visi ni wa kahawia. Kisha yule mweusi akainuka, akajikung'uta, vumbi la makala likaruka, na chini yake alikuwa wa kahawia. Alikuja kwangu akikanyagia miguu yote. Nilipiga magoti nikaushika muundi wake. Kibamba kiko, nilikigusa chini ya ngozi kwa kidole, na vichwa vya skrubu ulizozikaza wewe vimejipanga. Nililia nikiwa nimeshika mguu wa mbwa, kwenye makala, na Mama Riziki aliniacha nilie.

Alikuwa amemchukua Visi mpaka Minova na kumrudisha. Nilimuuliza juu yako, akaketi juu ya gunia.

"Alikuya asubuhi," alisema. "Akapima ile mbwa, akacheka, akasema mufupa imeshika. Kisha masasi ikaanza. Ukuta ikaangukia mama moja kule nyuma, mguu ikavunjika. Batu bakakuya kumuita, dokta, dokta. Akasema, mi niko dokta ya mbwa. Bakamwambia, mufupa ni mufupa."

Ulimfunga yule mama mguu kwa mbao za uzio na kamba uliyoileta kumfungia Visi. Mkamlaza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wewe ukisukuma kwa nyuma, mkashika njia ya hospitali.

"Nilikuona kwa macho yangu mpaka kwa rond-point," alisema Mama Riziki, na kwa uchovu alisahau kwamba anazungumza nami, alikuwa anazungumza nawe. "Kisha hapana."

Nilitembea mpaka kwenye huo mzunguko wa barabara. Nikaenda tena hospitalini, safari hii niulizie mama aliyevunjika mguu, aliyefungwa kwa mbao na kamba ya katani. Hakuna anayemkumbuka. Siku ile walikuja wengi mno. Niliporudi Himbi, Mama Riziki alinipa chupa ya chai ya buluu. Uliiacha juu ya ukuta. Alikuwa akiitumia, akaniomba radhi, nikamwambia akae nayo.

Visi nilimvusha nikiwa nimemfunga kwa kipande cha waya wa umeme. Aline alimwogesha, akatumia sabuni yangu nzuri. Picha niliipiga mara mbili. Mfupa umeunga. Umepinda kidogo kwenda nje, ungekasirika kidogo, ungeniuliza ni nani aliyemruhusu kukimbia mapema. Skrubu zote ziko mahali pake. Nilimpigia profesa nikamwambia mbwa amepatikana, anatembea, kwamba katika utafiti wetu hakuna aliyepotea machoni hata mmoja. Kisha akaniuliza habari zako, jambo ambalo hakuwa amelifanya kitambo.

Aline alisimama kando yangu akiutazama mfupa kwenye mwanga. "Visi tulimtafuta tukampata," alisema. "Na Papa tulimtafuta?"

"Tulimtafuta sana."

"Basi siyo perdu de vue." Akaenda kumpa mbwa maji. Kwake jambo limekwisha.

Kwangu ndipo lilipoanza. Uliniachia la kuandika nikiona kaburi, na la kuandika nikimwona mtu anatembea. Uliniachia na buti. Lakini neno la mtu aliyetafutwa kila mahali asionekane hukuniachia, na nadhani ni kwa sababu wewe mwenyewe hukuwa nalo. Nimezoea kusoma vivuli, ndiyo kazi yangu, naweza kukuonyesha mahali mfupa ulipovunjika hata baada ya miaka. Juu yako sina hata kivuli cha kusoma. Nina mzunguko wa barabara na maneno ya muuza makala.

Prosper alikuja leo asubuhi kuchukua jibu. Nilimwambia Jumamosi nitakuja Rugerero. Nitapika na wanawake wa ukoo wenu, nitakaa mkekani, na nitalia, maana machozi ninayo na nimechoka kuyazuia mbele ya mtoto. Nimeona Prosper anavyohitaji kulia, na sina haki ya kumfungia mlango. Wakinitaka niseme neno, sitasema umekufa, wala sitawadanganya kwamba unarudi. Nitasema nimekutafuta. Lakini nilimwomba aondoe neno moja kwenye tangazo.

"Bon. Niweke nini pahali ya mjane?"

"Weka mke."

Alikunja uso. "Mke ya nani, shemeji?"

"Wa kaka yako."

Nilifikiri atabishana. Alisema tu ataacha karatasi hapa, nisahihishe mwenyewe kwa mkono wangu na kumpelekea kabla ya kesho, kisha akainama akamshika Visi mguu, akaupapasa kama ulivyomfundisha, akatafuta skrubu. Alipozipata alitoka bila kuaga.

Kwa hiyo nimeketi na karatasi. Tangu nilipoanza kukuandikia nimekuwa nikiogopa mwisho wa barua kuliko kitu kingine, kwa sababu barua hutiwa sahihi, na sahihi hutaka mtu aseme yeye ni nani kwa yule anayemwandikia. Nimeandika lile neno lingine, mjane, pembeni mwa karatasi, nione linavyokaa. Halikukaa.

Ukungu umeanza kuondoka ziwani. Visi amelala kizingitini, uso wake upande wa barabara ya mpakani, mguu uliounga ameunyoosha mbele yake. Buti zako nimezipaka mafuta, na zangu ziko kando yake, bado zina makala.

Mkeo,

Mama Aline